Fedha Ndani ya Maji

Laban Luseno hakuwa na shahada. Hakuwa na diploma, ila vyeti vitatu vya masomo ya jioni vilivyotundikwa sebuleni juu ya redio. Hakuwa na maabara tena, maana alistaafu miaka kumi na minne iliyopita. Hakuwa na meno mawili ya chini, hakuwa na gari, na katika watoto wake watano hakuwa na hata mmoja aliyependa kemia. Subira hakuwa nayo kabisa. Mkewe Muhonja alizoea kusema kwamba siku Mungu alipogawa subira, Laban alikuwa langoni akibishana na askari kuhusu sarufi. Alikosa na kitu kimoja zaidi, kidogo kuliko hivyo vyote, na hakujua kwamba amekikosa mpaka adhuhuri ya Alhamisi.

Jumanne asubuhi alijua jambo moja tu: kwamba mtaa mzima wa Tena, hapa Nairobi, haujui kusoma.

"Baba Khalayi, chai inapoa," Muhonja alimwita.

"Iache ipoe."

Alikuwa amesimama dirishani, ghorofa ya pili, mikono nyuma, akitazama chini. Siku nyingine zote, saa kama hiyo, pangekuwa na foleni ya mitungi ya manjano kutoka bomba la Batulo hadi mlangoni pa kinyozi. Leo hapakuwa na mtungi hata mmoja. Bombani lilining'inia kufuli jipya, na juu ya kufuli karatasi yenye muhuri wa ofisi ya afya.

Na yote hayo, ukiyafuata hadi chanzo chake, yalitokana na wema wa Laban.

Batulo, ambaye wengi humwita Mama Yahye, ni mjane. Marehemu mumewe Yonis alichimba kisima nyuma ya duka lao la jumla. Alipofariki, duka nalo lilikufa kidogo kidogo, kikabaki kisima. Maji ya jiji huja Tena yanapotaka yenyewe, kwa hiyo kisima hicho ndicho kilichomweka mama huyo Nairobi na mwanawe chuoni. Mwezi uliopita wateja wakaanza kunong'ona kwamba maji yana chumvi. Mmoja akasema ni chumvi ya kuhifadhia ngozi za mbuzi kule machinjioni Kiamaiko, imepenya ardhini ikatembea mpaka Tena, kana kwamba chumvi ina miguu na haina shughuli nyingine. Batulo akapanda ngazi hadi kwa Laban.

"Mzee, wewe ulifanya kazi ya kupima maji," alimwambia. "Nipimie haya, niwaonyeshe watu karatasi. Wakiacha kuja, mimi sina pengine."

Miaka kumi na minne ilikuwa imepita bila mtu kumwomba Laban kitu chochote cha kemia. Kazini aliingia kama muosha chupa. Jioni akawa anakwenda darasani na madaftari yake ndani ya mfuko wa unga, mpaka akapandishwa kuwa fundi wa maabara, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ikawa moja: kupima chumvi iliyoyeyuka majini kwa kutumia fedha yenye mionzi. Si fedha ya kununulia sukari. Fedha ya madini, ile ya pete na bangili. Aliipokea chupa ya Batulo kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto mchanga, akaipeleka kwa Gordon. Gordon alifundishwa kazi na Laban huyo huyo, na sasa ni mkuu wa maabara katika chuo kimoja.

Gordon aliitazama chupa. "Lakini Mzee, haya si tungeyapima kwa njia ya kawaida? Tone baada ya tone, rangi ikigeuka tumemaliza. Nusu saa."

"Njia ya kawaida ni ya watu wa kawaida."

Gordon akacheka, na kwa kumheshimu mwalimu wake akaifanya kazi kwa njia ile ya zamani, ambayo bado huwaonyesha wanafunzi. Jibu lilitoka zuri: kloridi miligramu 212 katika kila lita. Ulimi wa mtu huanza kulalamika ikifika 250. Maji mazima, ila yana ladha kidogo. Laban akarudi nyumbani, akaandika tangazo kwa mkono, akalipeleka kwa Shiku wa saiba, kile kibanda cha kompyuta cha mtaani, alichape na kutoa nakala kumi na mbili. Hakuzisoma nakala, maana mtu harudii kusoma alichokiandika vizuri. Jumamosi akazibandika mwenyewe, lango baada ya lango:

"Wakazi wote mnaarifiwa kwamba maji ya kisima cha Mama Yahye yamepimwa mionzi katika maabara ya kisasa. Kiasi cha kloridi kilichopatikana ni 212, chini ya 250. Msiwe na hofu. L. Luseno, Mtaalamu."

Watu wa Eastlands wameambiwa "msiwe na hofu" mara nyingi maishani mwao, na wanajua maana yake ni kukimbia. Jumapili mchana bomba la Batulo lilikuwa kavu kwa kukosa mtu wa kulifungua. Kufikia Jumatatu simu kumi na moja zilikuwa zimepigwa kwenye ofisi ya afya, na Bwana Phares, afisa wa huko, akaja na kufuli.

Chai ilipokuwa imepoa kabisa, Laban alivaa koti lake la kijivu akashuka chini kuwaelimisha watu.

Nje ya kibanda chake, Gitonga kinyozi alikuwa amesimama na mashine mkononi, mteja nyuma yake akiwa amenyolewa nusu kichwa.

"Niaje, Prof!"

"Husemi 'niaje' mbele ya mzee. Na mimi si Prof."

"Pole, Mzee. Lakini niambie ukweli. Wiki mbili nimeosha vichwa vya watu na hayo maji. Sasa kichwa cha mtu kikianza kuwaka kama taa, atanishtaki mimi ama wewe?"

Watu walicheka, wakakaribia. Mama mmoja muuza mboga akauliza bila kucheka, "Mimi nimeoshea sukuma wiki, Mzee. Hiyo kloridi ni mionzi ya aina gani? Ile ya hospitali ama ile ya bomu?"

"Kloridi si mionzi!" Laban alihisi mshipa wa shingo ukisimama. "Kloridi ni chumvi. Ni nusu ya chumvi. Sikilizeni, nitaeleza mara moja. Ukitia chumvi majini inapotea, sivyo? Haijapotea. Imekatika vipande vidogo visivyoonekana, kila kipande kinaitwa ioni, na moja ya hizo ioni ndiyo kloridi. Utaihesabuje nawe huioni?"

"Kwa miwani," alisema yule mwenye nusu kichwa.

"Unaipelekea mchumba! Na mchumba wa kloridi ni fedha. Zikikutana haziachani, zinazama chini pamoja, nyeupe kama unga. Sasa, wewe unatia fedha nyingi kuliko kloridi iliyopo, na idadi yake umeiandika. Kila kloridi inashika fedha moja. Fedha zilizokosa wachumba zinabaki zimeyeyuka majini. Na katika fedha hizo kuna chache zenye mionzi. Ni kama mabwana harusi wenye filimbi. Mashine inasikiliza filimbi za waliobaki. Ukijua walioingia, na ukasikia waliobaki, huwezi kujua walioozwa?"

Laban akadhani ameeleweka.

"Ngoja," Gitonga alisema polepole. "Mlitia fedha kwa maji? Na sisi hapa tunakopa unga?"

"Fedha ya madini!"

"Na hata hamkutuita. Mzee, si haki."

"Na si 'kwa maji'!" Sasa Laban alikuwa anapiga kelele. "Ni ndani ya maji! Kitu huwekwa mezani, hakiwekwi 'kwa meza'. Mtu hukaa nyumbani, hakai 'kwa nyumba'. Nyinyi 'kwa' mnaimwaga kila mahali kama chumvi katika mchuzi ulioungua!"

Hapo hata mteja wa nusu kichwa alijua mazungumzo yameishia wapi. Vita vya Laban na neno "kwa" vilikuwa vya miaka mingi. Alizing'oa "kwa" vinywani mwa majirani kama mtu anayepalilia mahindi, na hakuna aliyeponea: kondakta, mchungaji, hata mama aliyekuja kumpa pole ya msiba wa dada yake akasema "niliiona kwa gazeti".

Batulo alikuwa ametoka kisimani wakati huo, amesimama kando na mtandio wake umefungwa vizuri. Alimvuta Laban mkono wa koti.

"Mzee, nyamaza kidogo. Kulikuwa na watu wawili walioniamini. Tangu uanze kueleza nao wameondoka."

"Lakini hawasikii, Mama Yahye!"

"Wamesikia fedha, wamesikia filimbi, wamesikia harusi. Bwana Phares amepiga simu. Anatutaka kesho."

Ofisi ya Bwana Phares iko upande wa Makadara, hatua chache kutoka mahakamani, na ina kiti kimoja cha mgeni. Laban alimwachia Batulo kiti, akasimama mbele ya meza kama shahidi. Phares, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, alifungua faili.

"Mzee wangu, mimi sina ugomvi na maji. Nimempigia Bwana Gordon, amenieleza kila kitu. Ugomvi wangu ni na karatasi. Hapa kuna tangazo lenye jina lako linalosema maji yamepimwa mionzi. Watu wamelipiga picha, limezunguka kwenye simu zote. Nikifungua kufuli leo, kesho mtu akiumwa na tumbo ataingia na tangazo hili pale mahakamani."

"Sasa unataka nini?"

"Barua fupi. Aliyekosea aandike kwamba alikosea, kwamba maji yalipimwa chumvi, si mionzi. Aweke sahihi. Nikiipata kabla ya Ijumaa saa sita mchana, natoa kufuli. Nisipoipata, faili linakwenda juu, maji yapimwe mionzi kweli. Na huko juu foleni ni ya miezi minne, mitano."

Batulo alikunja vidole mapajani. "Miezi minne, Bwana Phares? Hapo mimi nitakuwa nimefunga mizigo niko Garissa kwa ndugu yangu, na Yahye ameacha chuo."

"Ndiyo maana nasema barua, mama."

"Barua ya nini!" Laban alipiga meza kwa kidole. "Tangazo langu halina kosa. Nimeandika maji yamepimwa kwa mionzi. Mionzi ni kipimio. Fundi cherehani akisema amepima kitambaa kwa futi, utasema kitambaa kimepatikana na futi? Utakiwekea kufuli?"

Phares aliigeuza karatasi ikamtazama Laban. "Nisomee."

Laban alivaa miwani. "'Maji ya kisima cha Mama Yahye yamepimwa kwa mionzi katika...'"

"Soma kilichoandikwa, Mzee, si unachokikumbuka."

Laban aliinama. Alisoma tena, kidole chini ya mstari, kama alivyofundishwa na mwalimu wa jioni zamani hizo. Yamepimwa. Mionzi. Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na nafasi nyembamba tupu, na "kwa" haikuwepo.

Alivua miwani. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni, na ndani ya joto hilo palikuwa na raha kubwa.

"Shiku," alisema, kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku na kuku mkononi. "Ni Shiku wa saiba. Ameila 'kwa' yangu!"

"Mzee," Batulo alisihi, "andika tu barua. Ni mistari miwili."

"Itaandikwa, Mama Yahye. Na mwenye kosa."

Waliporudi Tena saiba ilikuwa imefungwa. Jirani alisema Shiku ameenda kwenye mazishi Murang'a, atarudi kesho. Laban alirudi nyumbani akahutubia kuta jioni nzima. Alisema juu ya shule za siku hizi. Alisema juu ya vidole vinavyokimbia kuliko akili. Alisema kwamba neno moja likiondolewa katika sentensi ni kama jiwe la pembeni kuondolewa nyumbani, na Muhonja, aliyekuwa akichambua maharagwe, akasema basi nyumba ya jirani wa chini imejengwa vizuri, maana anagonga dari kuomba kimya.

Alhamisi saa sita kamili Laban alisukuma mlango wa saiba. Shiku alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta yake, akitafuna njugu, na macho yake bado mekundu kwa uchovu wa safari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Binti, umefunga kisima cha mjane."

"Mimi?"

Laban alitandaza tangazo juu ya kaunta, akagonga pale mahali patupu. "Hapa palikuwa na neno. Umelitupa. Kwa ajili ya uvivu wako mtaa mzima unaamini unakunywa bomu. Sasa utaandika barua kwa Bwana Phares, utasema kosa ni lako, na utatia sahihi. Mwisho ni kesho saa sita."

Shiku hakupandisha sauti. Aliinama chini ya kaunta akatoa sanduku la viatu. Juu ya kifuniko, kwa kalamu nene, liliandikwa LAWAMA.

"Kila mtu akiniletea kitu cha mkono nichape, nabaki na karatasi yake," alisema huku akipekua. "Juzi mtu alikosa kazi akasema nimemwandikia miaka vibaya. Nikamtolea karatasi yake, akaona ni yeye mwenyewe hajui alizaliwa lini. Haya. Yako hii."

Ilikuwa karatasi ya mistari, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa Laban ulioinama kidogo kulia, herufi zote zimeshikana mikono kwa adabu. Mstari wa pili uliishia na neno "yamepimwa", ukingoni kabisa mwa karatasi. Mstari wa tatu ulianza na neno "mionzi".

Katika kuruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine, "kwa" ilikuwa imeanguka katikati.

Laban aliigeuza karatasi upande wa pili, kana kwamba neno lingeweza kuwa limejificha nyuma.

"Nilikuuliza, Mzee," Shiku alisema. "Nilikwambia hapa ni kama kuna neno limeruka. Unakumbuka uliniambia nini? 'Binti, wewe chapa. Kiswahili changu hakirekebishwi na saiba.'"

Alikumbuka. Alikumbuka hata sauti aliyoitumia.

"Na mimi nikafikiri umeikata makusudi. Si wewe ndiye hutukata 'kwa' kila siku? Nikasema, sawa, huyu mzee amefika kiwango ambacho haitumii tena kabisa."

Laban aliketi kwenye kiti cha wateja, kile kinachoyumba. Nje mtu alikuwa akimuuliza mwenzake kama ni kweli kwamba maji ya Mama Yahye yanafanya nywele zimee haraka.

Shiku akavuta kibodi. "Mzee, sikiliza. Bwana Phares anataka karatasi tu. Hapa mimi natukanwa kila siku na watu wasiojua tarehe zao za kuzaliwa. Tusi moja zaidi haliniui. Mama Yahye apate maji yake." Mashine ikalia, karatasi ikatoka. Mistari minne: mimi mchapaji, kosa ni langu, neno liliruka. Akaitia sahihi, akamsogezea.

Laban aliikunja karatasi hiyo mara mbili akaitia mfukoni pamoja na ile yake ya mkono. Hakusema asante. Alienda nyumbani akipitia njia ya nyuma, asikutane na Batulo.

Muhonja alikuwa mezani. Laban alimwekea karatasi ya Shiku mbele yake, akaenda kusimama dirishani.

"Kwa hiyo ni Shiku," Muhonja alisema baada ya kusoma.

"Ameandika mwenyewe. Kwa hiari yake."

"Sikuuliza kama ameandika. Nimesema, ni Shiku?"

Chini, Batulo alikuwa akilifuta bomba kwa kitambaa, bomba ambalo halikuwa limetoa tone siku nne. Alilifuta mpaka likang'aa, akalifuta na kufuli pia. Laban alisubiri ageuke aondoke. Hakuondoka.

Aliitoa karatasi ya pili mfukoni akaiweka mezani bila kugeuka. Alisikia mlio mdogo kama wa birika linaloanza kuchemka, na alipotazama, Muhonja alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Unacheka nini?"

"'Kwa'!" Muhonja alishindwa kuvuta pumzi. "Wewe! 'Kwa'!"

"Si jambo la kuchekwa. Kuna mjane pale chini."

"Najua." Alijipangusa macho, sasa akiwa hacheki. "Baba Khalayi, miaka arobaini na sita nimeishi na mtu asiyewahi kukosea. Nimechoka naye. Kabla sijafa ningependa kukaa kidogo na huyo mwingine."

"Na watu watasema nini? Mtaalamu! Miaka yote hii nawasahihisha."

"Watasema alikosea. Halafu watachota maji."

Laban alivuta kiti kwa hasira, akavuta karatasi ya mistari kwa hasira, akafungua kalamu kwa hasira. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu, ilianza na historia ya madini ya fedha, na ilikuwa na mchoro wa chupa. Muhonja aliisoma akairudisha.

"Bwana Phares anafungua kufuli, hafanyi mtihani."

Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, nusu yake ikieleza kwamba katika mazingira ya kelele neno dogo lenye herufi tatu huweza kumponyoka hata mwandishi hodari. Muhonja aliirudisha hiyo nayo. Ya tatu aliandika haraka, bila kuinua kichwa, kama mtu anayemeza dawa chungu:

"Kwa Afisa wa Afya. Mimi Laban Luseno ndiye niliyeandika tangazo la Jumamosi. Niliacha neno moja kwa tangazo hilo, na maana yote ikageuka. Maji ya Mama Yahye hayakupimwa kama yana mionzi. Yalipimwa chumvi, na chumvi yake haijazidi. Mionzi ilitumika kupimia tu, ndani ya chupa ndogo maabarani, na haikufika kisimani hata chembe. Njia nyepesi ya kuyapima ilikuwepo, nikaikataa kwa majivuno. Mchapaji hana kosa; aliniuliza nikamkemea. Tafadhali fungua bomba."

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi Laban alikuwa mlangoni pa saiba kabla hapajafunguliwa. Kila Ijumaa Shiku hupeleka fomu za wateja wake Makadara, na hilo mtaa wote unalijua. Shiku alipofika na kufungua mlango, Laban alimfuata ndani akamrudishia karatasi yake yenye mistari minne.

"Hii ichane."

Kisha akatoa barua na bahasha. Bahasha ilikuwa wazi. Alimshikisha barua, akatazama pembeni, upande wa ukuta wenye picha za pasipoti.

"Soma," alisema. "Ukiona kosa, sema."

Shiku alisoma amesimama, funguo zikining'inia kidoleni. Alipofika mwisho akarudi juu.

"Hapa, Mzee."

"Wapi?"

"'Niliacha neno moja kwa tangazo hilo.' Si ungesema 'katika tangazo hilo'? Mimi ningeandika hivyo ungenifukuza."

Laban aliinyakua barua. Alivaa miwani. Aliisoma sentensi hiyo mara moja, akaisoma mara ya pili na kidole. Ilikuwa hapo, kwa mwandiko wake mzuri ulioinama kulia, "kwa" ya mtaani kabisa, ya Gitonga, ya makondakta, imekaa kama mwenye nyumba.

"Huu mtaa," alisema kwa meno yaliyobaki. "Huu mtaa umeniingia hadi kwenye kalamu."

"Nikupe karatasi nyingine?"

Alitazama saa ya ukutani. Saa mbili kasoro kumi. Kalamu ilikuwa mfukoni, mkono ukaishika, ukaitoa nusu.

"Bwana Phares atanielewa hivyo?"

"Mzee, hivyo ndivyo Nairobi yote itakuelewa."

Laban aliisukuma kalamu ikarudi mfukoni. Alikunja barua mara tatu, akaitia katika bahasha, akaulamba ukingo wa gundi kutoka pembe hadi pembe na kukunja uso kwa ladha yake. Aliilaza juu ya kaunta akaikandamiza kwa kiganja, akaishikilia hapo kwa muda mrefu kuliko gundi yoyote inavyohitaji, mpaka Shiku akakohoa.

"Kabla ya saa sita," alisema, akimkabidhi.

"Kabla ya saa nne."

Shiku akaitia kwenye mkoba pamoja na fomu za watu, akafunga zipu, akafunga mlango, akaondoka nayo kuelekea Makadara.